Chujio la msindano: hatimaye tope limebaki juu

Jaribio la saba la kuchuja maji kwa kijiti cha msindano (mti wa paini) limekubali. Jana saa tatu usiku nilitundika ndoo kwenye boriti ya jikoni, na leo saa kumi na mbili asubuhi nimekuta chupa ya nusu lita imejaa maji meupe. Kule juu, ndani ya mpira wa kushushia maji, wekundu wa udongo wetu wa Mufindi umekaa palepale ulipokwama.

Kwa mliofuatilia jambo hili tangu watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walipochapisha kazi yao mwaka 2014, sirudii mwanzo: kijiti cha msindano kinamenywa, kinakazwa kwenye mpira, maji yanashuka na bakteria wanabaki. Kusoma ni rahisi. Hapa Mafinga, ambako ukirusha jiwe linaangukia msindano, nilijua nitamaliza kwa Jumamosi moja. Nimetumia wiki tano.

Majaribio mawili ya kwanza yalikuwa uzembe. Nilikaza mpira juu ya gome. Msimu wa mvua gome la msindano linateleza kama ganda la ndizi iliyoiva, maana chini yake kuna lile tabaka bichi linalozaa seli mpya, na maji yakapita humohumo, mekundu vilevile. Gome ni njia ya sukari inayotoka kwenye majani, humu halina kazi. Menya lote ubaki na mti mtupu. Na zile klipu za chuma za kukazia mpira, za bei rahisi, mbili zimekatika meno mkononi mwangu. Ukanda wa tyubu ya baiskeli ukiuzungusha mara nane kwa nguvu unazishinda zote.

La tatu nusura linikatishe tamaa. Nilitia rangi ya chakula ndani ya ndoo, nayo ikatoka chini kama ilivyoingia. Nikanuna siku mbili kabla ya kujicheka. Rangi ile imeyeyuka, na kilichoyeyuka lazima kipite. Chumvi za udongo nazo hupanda hivyohivyo toka mizizini hadi majanini. Mti unaozuia vilivyoyeyuka ungekufa njaa. Tangu hapo napima kwa tope.

Sasa lile lililoninyima usingizi. La nne, la tano na la sita yote yalifanya kazi siku ya kwanza, kisha yakafa. Si kupungua: kufa. Nilibadilisha mpira, nikainua ndoo, nikalaumu utomvu, nikapangusa ncha kwa spiriti. Tone moja kwa dakika, halafu hakuna. Nikaloweka kijiti usiku kucha, wapi! Kosa lilikuwa dirishani, mahali nilipokuwa navianika vijiti kati ya jaribio na jaribio ili visiote ukungu.

Msindano hauna mabomba marefu. Una trakeidi, vijimirija vya milimita chache, na maji huhama kutoka kimoja kwenda kingine kupitia vitundu vya ubavuni. Kila kitundu kina wavu mwembamba, na katikati ya wavu kuna kitufe kigumu. Wavu ndio chujio lenyewe. Lakini hewa ikiingia upande mmoja, kitufe kinasukumwa kando na kuziba tundu. Kwa mti ni uhai: maji yake yanavutwa na majani kama kamba, na kiputo cha hewa kikisambaa kamba inakatika. Mimi sina majani, nina ndoo. Nilipoanika kijiti, vitufe vikafanya kazi yao, vikagoma kurudi.

Kwa hiyo la saba halikuonja ukavu hata kidogo. Tawi changa, likikatwa tu linatumbukia kwenye ndoo, likasafiri kwa bodaboda humohumo kwenye maji. Dereva akauliza, “Mjomba, hicho kijiti kinaumwa?” Nyumbani nikakikata sentimita tatu, kisha nikaparaza ncha zote mbili kwa wembe mpya, chini ya maji. Msumeno unasaga nyuzi na kuziba midomo. Sitaugusa tena kwa kazi hii.

Nilipanga leo nipime kasi kwa ndoo ikiwa mita moja, moja na nusu, na mbili. Sijapima. Nilikiona kijiti cha mlingoti (mkaratusi) karibu na jiko, kibichi bado, nikakifunga kwenye pampu ya baiskeli na kuchovya ncha ndani ya maji. Viputo vikachemka kama uji! Msindano wa urefu uleule: kimya. Mlingoti una mirija mipana inayopita moja kwa moja, hata tope lingepenya. Nimecheza na pampu ile mpaka saa nne asubuhi, nikajaribu na mparachichi, na mforosadi wa jirani.

Maji yenyewe bado nayachemsha. Virusi ni vidogo mno kwa wavu ule, na chupa yangu haijapimwa popote.

Watafiti walewale wa MIT walieleza mwaka 2021 kwamba kijiti kikilowekwa kwenye maji moto saa nzima, kisha kwenye alkoholi, kinaweza kukaushwa bila kufa. Vitatu viko juu ya kabati tangu mchana, vimepitishwa kwenye birika na spiriti ya dukani. Mke wangu ameshauliza mara mbili kwa nini birika linanuka msitu.