Tusiwasikilize Judas Priest kwa huruma

Nayaandika haya mwishoni mwa mwaka 2023. Tangu tarehe 7 Oktoba mwaka huu, sisi mashabiki wa Judas Priest, bendi ya Uingereza ya muziki wa chuma (heavy metal), tunaihesabia siku Ijumaa ya 8 Machi 2024, ambapo albamu yao ya kumi na tisa, Invincible Shield, itatoka. Habari hiyo ilitangazwa siku walipopanda jukwaani katika tamasha la Power Trip, huko Indio, California, ambako hawakuwamo katika orodha ya kwanza. Waliitwa kuziba nafasi ya Ozzy Osbourne, mwana wa Birmingham kama wao, aliyejitoa kwa sababu ya afya yake. Siku sita baadaye ukatoka wimbo wa kwanza, Panic Attack, na tangu hapo mashabiki hatujanyamaza.

Wimbo wenyewe nimeusikiliza kwa vipokea sauti, usiku, nyumba ikiwa imelala, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Unaanza kwa gitaa lililopitishwa kwenye sintesaiza, chombo cha kutengeneza sauti kwa umeme, na yeyote aliyeishi na albamu yao ya Turbo ya mwaka 1986 ataijua sauti hiyo mara moja. Wakati ule mashabiki wengi waliikataa, wakidai kwamba bendi imeacha chuma na kukimbilia redio. Leo sauti ileile imepokelewa kwa shangwe, na nadhani ni kwa sababu safari hii haidumu: ngoma za Scott Travis zinaingia, magitaa yanakuja juu yake, na mwimbaji Rob Halford, mwenye umri wa miaka 72, anaipandisha sauti hadi kule juu tulikomzoea tangu albamu ya Painkiller ya mwaka 1990. Wimbo wa pili, Trial by Fire, uliotoka Novemba, unakwenda kwa hatua nzito zaidi, na mimi binafsi naupenda kuliko wa kwanza.

Nilipompelekea rafiki yangu mmoja Panic Attack, mtu ambaye tumesikiliza naye muziki huu tangu tukiwa vijana wa kubadilishana kanda, alinijibu kwa sentensi moja: "Kwa wazee wa umri huu, ndugu yangu, wamejitahidi." Hakuwa na nia mbaya, lakini neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu nimeona mashabiki wengi wakilisema kwa namna mbalimbali, wakidhani wanasifu. Kumwambia fundi kwamba amejitahidi kwa umri wake ni kumwambia kwamba kazi yake hatuitazami tena, tunautazama mwili wake tu.

Bendi hii haikuwahi kuhurumiwa na mashabiki wake, na ndiyo maana imefika hapa. Nostradamus ya mwaka 2008, albamu ndefu ya diski mbili, iligawanya watu hadi leo. Redeemer of Souls ya mwaka 2014 ililaumiwa kwa sauti yake kavu, na lawama hizo zilikuwa za haki. Nyimbo zilikuwa nzuri, lakini zilisikika kama zimerekodiwa nyuma ya pazia. Firepower ilipotoka mwaka 2018, ikisimamiwa na Tom Allom, prodyuza wao wa miaka ya themanini, pamoja na Andy Sneap, kila kitu kilisikika kwa nguvu na kwa nafasi yake, na ikafika nafasi ya tano katika chati ya Marekani, ambako hawakuwahi kupanda hivyo tangu bendi ianzishwe mwaka 1969. Aidha, Januari 2022 bendi ilipotangaza kwamba itafanya ziara ikiwa na mpiga gitaa mmoja tu, mashabiki walipaza sauti, kwani Judas Priest bila magitaa mawili yanayojibizana ni kitu kingine kabisa, na katika siku chache uamuzi huo ukabatilishwa. Watu wanaobishana na bendi namna hiyo wanaichukulia kuwa ingali hai, inayoweza kukosea na kujirekebisha.

Hata hivyo, lipo swali moja linalofanya mabishano yote yatulie, nalo ni la mpiga gitaa wao wa siku nyingi, Glenn Tipton. Februari 2018 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha viungo, naye akalazimika kupunguza kupanda jukwaani, akitokea katika baadhi ya maonyesho kwa nyimbo chache za mwisho, huku Sneap akipiga sehemu zake. Kwa hiyo wimbo mpya ulipotoka, wengi wetu tuliulizana kwanza kama vidole vyake vimo, kabla hata ya kusema kama ni mzuri. Jina lake limo miongoni mwa watunzi, pamoja na Halford na mpiga gitaa mwenzake, Richie Faulkner, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Huyu ni mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya chuma ya British Steel, akaja kupiga magitaa katika albamu yenye jina hilohilo ya mwaka 1980, ambamo sauti ya majitu ya chuma yakitembea ilipatikana kwa kutikisa trei iliyojaa vijiko, visu na uma. Nilipoijua habari ya trei hiyo nilirudi kwenye kanda yangu kuukuu na kusikiliza tena, na kweli, vijiko vinasikika.

Faulkner naye si wa kuhurumiwa, ingawa angekuwa na kila sababu. Tarehe 26 Septemba 2021, mjini Louisville, Kentucky, mshipa mkuu wa damu ulipasuka kifuani mwake akiwa katikati ya kupiga wimbo wa Painkiller, akaumaliza wimbo, kisha akafanyiwa upasuaji wa takriban saa kumi. Sasa anasikika katika solo ya Panic Attack akipiga kwa kasi na kwa usafi, na anayetaka kumsifu amsifu kwa noti alizochagua, jinsi anavyoziacha zipande polepole kabla ya kuzimwaga.

Hofu yangu ninayo pia. Nahofia kwamba nyimbo zitakuwa za kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kasi ndiyo inayoshangiliwa upesi, na Judas Priest ninaowapenda zaidi ni wale wanaojua kupunguza mwendo. Ikiwa hivyo ndivyo itakavyokuwa, nitasema waziwazi.

Rafiki yangu nimemwomba aje kwangu jioni ya 8 Machi. Tumekubaliana kusikiliza nyimbo zote kumi na moja kwa mfuatano wake, bila kuruka, na neno "umri" lisitajwe hadi wa mwisho uishe. Ameahidi kuja na spika zake.