Ampu yangu ya valvu ilianza kupiga filimbi

Jana ampu yangu ya gitaa imeanza kulia fiiiii yenyewe tu, nikajua kuna valvu imechoka, yaani zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya ampu. Nikaiacha ipate moto, nikawa nazigonga moja moja taratibu na penseli, kufika ile valvu ndogo ya kwanza, aina ya 12AX7, ya karibu na pa kuchomekea gitaa, spika ikajibu ting'! Ndo mwenyewe huyo. Nikazima, ikapoa, nikabadilisha, kimya kabisa.

Ila ndani kwenye kapasita, zile zinazotunza umeme, sichokonoi ng'o, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya, hiyo ni kazi ya fundi.

Utamu naupata nikipandisha volyumu ya ampu mpaka zile EL84 mbili, valvu za kusukuma spika, zianze kukwaruza kidogo halafu napunguzia kwenye gitaa lenyewe, wati 15 tu lakini jirani keshabisha hodi mara 2.