Mwanamke wa kwenye video anafanya kazi gani?

Anayesuka nywele macho yake hayana pa kwenda isipokuwa kichwa cha mteja na televisheni. Kwa hiyo mimi, katika saluni yangu ndogo hapa Kamalondo, mtaa wa mji wa Lubumbashi, Kongo, nimeshatazama video za wanamuziki wa Kinshasa, novela za Meksiko na Brazili zinazosema Kifaransa, filamu za Nigeria na michezo ya kuchekesha ya stesheni zetu za Lubumbashi kuliko pengine wanaozitengeneza. Watu hulalamikia nguo fupi. Wachungaji wanalalamika, kina baba nao wanalalamika (macho wamekodoa vilevile). Mimi nguo hazinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba yule mwanamke hana kazi.

Mwangalie vizuri. Anashuka kwenye gari la mwingine, anaingia nyumba ya mwingine, anajinyoosha kwenye kochi, analia kwenye ngazi, anampiga mwenzake kofi kwa ajili ya mwanaume. Akiwa mke, anangoja mwisho wa mwezi apekue mifuko ya suruali. Akiwa yule wa pembeni, naye anangoja mwisho wa mwezi uleule. Msichana ninayemfundisha kusuka, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, aliwahi kuuliza kwa sauti: "Yaya, uyu mama anatumikaka wapi?" Mteja akamjibu bila hata kugeuka: "Atumike wapi? Iko na bwana!" Saluni nzima ikaangua kicheko. Na waliocheka ni nani? Mama anayeuza fretin, wale samaki wadogo wakavu, kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, mwalimu wa shule ya msingi, na huyo huyo aliyejibu, ambaye kila wiki yuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mizigo yake.

Tusiisingizie televisheni. Nkambo yangu, mama yake baba, alikuwa na picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini, ukutani, kama nyumba nyingi za wafanyakazi wa mji huu miaka ya sabini. Zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na wachoraji walizitembeza mlango kwa mlango. Juu mwanamke, chini samaki, ngozi nyeupe, nywele ndefu zimeshuka mabegani, mara nyingi na nyoka, na mkononi saa. Hadithi mnaijua: mwanaume akiokota kitana chake au unywele wake, yule mama anamjia usiku kudai kilicho chake, na anamtajirisha kwa masharti. Siri, na asiguse mwanamke mwingine. Pesa zinatoka majini. Hakuna anayeuliza alizichuma vipi.

Nkambo aliipenda ile picha, ila alikuwa akipita mbele yake na kumsema kama jirani: "Iko na saa ya mukono, lakini anaendaka wapi?"

Swali hilo lina historia yake, na kwangu mimi historia hiyo inapita kwenye kampuni. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke kambini hakimbii. Ikajenga nyumba, ikagawa posho kwa mume, mke na watoto, na wake wakapelekwa kwenye vituo vya kijamii kufundishwa kushona, kufuma na kupika. Nkambo alijua kufuma soksi za watoto. Soksi, Katanga! Mwanaume alete mshahara, mwanamke apendezeshe nyumba: mpango huo ulikuwa wa hesabu za mgodi kabla haujawa wimbo au mchezo wa kuchekesha. Sisi tuliurithi tukaufanya desturi ya mababu, wakati mababu wenyewe walikula mashamba yaliyolimwa na wanawake.

Halafu miaka ya tisini Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ikaanguka. Mishahara ikakaa miezi bila kuonekana, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wakaondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Waliozaliwa kwetu wakati huo wanajua nani aliweka bukari, yaani ugali, mezani. Mama yangu aliuza makala, yaani mkaa, akauza unga wa kupima kwa kopo, akauza maandazi kwenye kizingiti, akacheza likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na majirani ili zamu yake ikifika alipe shule. Baba alikuwa mtu mwema, na mpaka leo akisimulia miaka ile husema: "Mama yenu alinisaidia." Alimsaidia! Mji mzima ulilishwa na wanawake, na televisheni ya mji huohuo ikaendelea kuonyesha mke anayepekua mifuko. Mifuko gani, yenye nini?

Hata sheria ilifanana na ile picha ya ukutani. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kusaini jambo la kisheria kama mkataba wa kazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Juzi tu.

Kwenye muziki mambo ni magumu zaidi, kwa sababu muziki naupenda. Rumba ilipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2021 nilicheza na wateja, kitana mkononi. Lakini sikilizeni wanaume wetu wanavyoimba kwa mdomo wa mwanamke: umeniacha, nitakufa, mpinzani wangu amekuloga. Yanaliza, ni mazuri, na yameandikwa na wanaume. Hata wanaotajwa katikati ya wimbo kwa sababu wametupa libanga, yaani wamemlipa mwanamuziki awataje majina, mara nyingi mwanaume atatajwa na biashara yake, mwanamke na uzuri wake, hata kama pesa ya libanga ameitoa dukani kwake mwenyewe.

Na mwimbaji Tshala Muana? Alizaliwa hapahapa mwaka 1958, mji ukiitwa bado Élisabethville, akaibeba mutuashi, ngoma ya kuzungusha kiuno ya Waluba wa Kasai, mpaka ng'ambo. Aliwahi kukaa bungeni. Novemba 2020, akiwa mama wa miaka sitini na kitu, alikamatwa kwa ajili ya wimbo ambao watu walisema unamlenga Rais, akaachiwa kesho yake. Mtu anayefungwa kwa wimbo ana neno la kusema. Alipofariki Desemba 2022, video zilizozunguka kwenye simu za wateja wangu zilikuwa za kiuno tu.

Yule mama wa Kasumbalesa hakubaliani nami. Anasema mizigo anaiona kutwa, polisi wa barabarani anawaona kutwa, akikaa kwenye kiti changu anataka kuona kucha ndefu na nyumba yenye ngazi. "Kazi niiangalie tena kwa televisheni? Utanilipa?" Ana haki. Sitazima novela, na asiwaambie wengine, ya saa kumi naifuatilia mwenyewe. Ila mwanaume kwenye novela hiyohiyo ni daktari, ni wakili, ni mwenye ranchi, na hilo halimchoshi mtazamaji yeyote.

Mwezi uliopita nilimwita mchoraji wa mabango anichoree ukuta wa nje. Akaanza na yule yule, nywele mpaka kiunoni, shingo ndefu, macho yanamtazama mpita njia. Nikamwambia afute, achore mwanamke anayesuka, mikono yake ionekane ikishika nywele. Akakaa kimya akiangalia ukuta, kisha akasema bei inapanda.

"Kwa nini, papa?"

"Mama, uso ninaujua kwa kichwa. Mikono inayotumika sijawahi kuchora, na vidole ni kumi."

Tumeelewana nusu sasa, nusu vidole vikikamilika. Mpaka leo amefika cha sita.