Presi yangu ya bushi imetoka kwenye vyuma chakavu

Gari yangu ni IST na naishi Kivule, wanaoijua njia ya kule wanajua nasema nini. Ndani ya miaka miwili nilibadilisha bushi za aamu za chini mara tatu (aamu ni ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi, bushi ni raba yenye ringi ya chuma inayokaa kwenye tundu lake), yani fundi anafunga, miezi mitatu tu naanza kusikia tena kong kong kila nikipita shimo. Bushi zenyewe sio hela nyingi, kinachouma ni ufundi. Mara ya mwisho nikasema leo nasimama hapa hapa nione, nikamkuta anaziingiza kwa nyundo, aamu kailaza juu ya kipande cha reli, paa paa paa, bushi mpya imeingia na mdomo umeshapinda. Nikalipa nikanyamaza, ningesema nini na mimi sijui.

Nikaja kugundua ile presi wanayosukumia bushi kazi yake ni kubana tu, na bolti na nati nazo zinabana. Nikanunua hadwea chuma kirefu chenye nyuzi cha milimita 12, nikakaza kwa nguvu zote, bushi haijasogea hata kidogo nati ikaanza kuzunguka bure, nyuzi zote zimekatika. Nikaenda Gerezani kwa wauza vyuma chakavu, mzee mmoja akakishika akacheka. "Mwanangu hiki cha kufungia dari, tafuta bolti ya lori, angalia kichwani iwe imeandikwa 8.8, ndio namba ya ugumu wake." Akanipa moja nene ya milimita 16, inakaribia futi moja, na nati yake na washa nene, elfu nane.

Kazi kubwa ikawa mabomba. Unahitaji vipande viwili, bolti inapita katikati yake na katikati ya bushi, kimoja kipana ambacho bushi itatokea ndani yake, kingine chembamba kinachosukuma ile ringi ya chuma ya nje peke yake, ukisukuma raba au ule mrija wa katikati umeua bushi. Mimi nilipima kwa rula ya mtoto wa shule, kipande kipana kikakataa, ikabidi nirudi Gerezani na aamu nzima kwenye kiroba, konda anataka nauli ya mzigo tukabishana mpaka Buguruni. Kijana wa kukereza akapimia pale pale, elfu kumi na tano.

Siku ya kazi nikapaka grisi kwenye nyuzi, nikaweka spana ya 24 na bomba la kurefushia mkono, nikavuta. Ikalia PAA! nikaruka nyuma nikijua nimevunja kitu, kumbe bushi imeachia. Baada ya hapo inatoka taratibu unaiona kabisa. Ya kuingiza unasafisha tundu kwa msasa, unapaka maji ya sabuni, oili hapana maana inakula raba, na kabla hujatoa ya zamani weka alama ya chaki maana kuna bushi zina upande.

Halafu kuna hili lililoniuma kuliko hata nyundo. Bolti za aamu hazikazwi moja kwa moja gari likiwa kwenye jeki tairi zinaning'inia! Ukikaza hivyo, gari likishuka raba inakaa imejisokota muda wote, lazima ichanike. Mimi nilizishika kidogo tu, nikashusha tairi za mbele juu ya mbao nene, gari likakaa kwa uzito wake ndio nikaingia chini kukaza mwisho. Kumbe yule fundi miaka yote anakazia juu. Baada ya hapo nikaenda kupima alainimenti, yani tairi zimekaa sawa au zimepinda, hiyo sikwepi.

Jirani kaona akataka nimtengenezee na kibanio cha springi za shokapu kwa bolti hizo hizo, nikakataa, springi ikiruka inaondoka na taya lako, hicho kanunue au waachie wenye nacho. Stendi za kuegemezea gari likiwa juu pia sichomelei, nilinunua.

Huu mwezi wa kumi na moja tangu nizifunge, kong kong hakuna. Presi yenyewe anayo huyo huyo jirani, ana Vitz, wiki ya tatu sasa, na jana kaniambia nati haioni.