Usiku mmoja wa kubandika mozaiki stesheni

Saa 10 jioni. Tunaanzia karakana. Vipande vya vioo vimegundishwa kifudifudi kwenye karatasi kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, kwa hiyo picha ya msanii tunaiona kinyume. Tunaigawa katika karatasi za sentimita 30 hivi, mkato ukifuata mikunjo ya mchoro, kwa sababu mkato ulionyooka huacha mstari unaoonekana hata baada ya grauti (uji wa saruji unaojaza nafasi kati ya vipande). Kila karatasi hupewa namba na mshale wa kuelekea juu.

Saa 7 usiku. Treni ya mwisho imepita. Hakuna anayesogelea ukingo wa jukwaa mpaka msimamizi wa usalama athibitishe kwa maandishi kwamba umeme wa reli umekatwa.

Saa 7:30. Ukuta, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Rangi kuukuu ilishakwanguliwa mpaka kwenye saruji: gundi ingeshika rangi vizuri sana, kisha rangi ndiyo ingeachia ukuta. Tunatafuta unga mweupe wa chumvi. Ukionekana, unapigwa brashi kavu (ukiosha, chumvi huyeyuka na kurudi ndani) na sehemu hiyo haibandikwi usiku huu. Maji yanayopenya nyuma yazibwe kwanza.

Saa 8. Gundi ya saruji inayonyumbulika, kwa ajili ya mtikisiko wa treni, inapakwa kwa mwiko wa meno ya milimita 4, kisha matuta yanasawazishwa. Tunapaka eneo la karatasi tatu au nne tu. Gundi isiponata kidoleni imeshaota ngozi, inakwanguliwa yote. Ikizidi unene, hufurika kati ya vipande na grauti hukosa mahali.

Saa 9. Karatasi zimeshabandikwa, vipande vikiwa ndani ya gundi na karatasi ikiwa nje. Karatasi inaloweshwa kwa sponji, inaachwa kidogo inywe maji, kisha inavutwa sambamba na ukuta. Ukiivuta kuja kwako, vipande vinakuja nayo. Vilivyopinda vinanyooshwa sasa, gundi ingali mbichi.

Nyufa za kutanukia za jengo (mianya iliyoachwa makusudi ili jengo litanuke na kusinyaa) hatuzifuniki kamwe, hata zikipita katikati ya uso wa mtu. Picha hukatwa hapo na pengo hujazwa silikoni ya rangi inayolingana, la sivyo ukuta utaipasua wenyewe.

Saa 10 alfajiri. Kusafisha na kuhesabu karatasi zilizobaki kwa namba. Ikikosekana moja, mifuko ya taka inafunguliwa kabla haijatoka stesheni. Grauti ni kesho usiku.