Nilivyowatambua bakteria wanaoua viluwiluwi wa mbu hapa Lindi

Kama unataka kuwatafuta hawa bakteria usitegemee kupata jina kwa kuangalia koloni tu, wala kwa kusoma jeni ya 16S peke yake (ile inayotumika sana kutambulisha bakteria), mana hapo Bacillus thuringiensis, ndiye muuaji tunayemtafuta, na Bacillus cereus, ndugu yake asiyeua mbu, wanafanana mno. Mimi nilishika mawili, kristali (vipande vya protini ya sumu anavyotengeneza bakteria) na viluwiluwi wenyewe, na hadi leo naona hiyo ndo njia ya uhakika kwa mtu mwenye maabara ndogo.

Sampo nilichota bonde la Lukuledi upande wa Mingoyo, tope la pembeni ya majaruba na madimbwi yanayokauka kiangazi. Hata ile aina maarufu ya thuringiensis inayoua mbu, israelensis, Margalit na Goldberg waliipata 1976 kwenye dimbwi la jangwa la Negev kule Israeli, viluwiluwi wamekufa wamejaa juu ya maji. Bibi mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, tope lote hilo unaenda kufinyangia nini?" nikamwambia natafuta dawa ya mbu, basi akanipeleka mwenyewe kwenye dimbwi analosema halijawahi kuwa na mbu, na sampo ya pale ndo iliyokuja kunipa kazi nzuri kuliko zote.

Tope unalikoroga kwenye maji safi, unaliweka kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10, wasio na spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi, wanakufa, unaobaki nao unawapanda kwenye agari, chakula cha kuoteshea bakteria (mi otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, sina, agari naichemshia kwenye presha kuka na inafanya kazi vizuri tu). Halafu subiri. Watu wengi wanaharakia hapa, wanaangalia kesho yake wakati bakteria bado wanakula, kristali inatengenezwa chakula kikiisha, pamoja na spora, kwa hiyo waache siku kadhaa.

Ukipaka rangi ya Coomassie, inayoshika protini, na kuangalia kwa hadubini utaona raha. Kristali inashika bluu nzito, spora inabaki nyeupe ina ukingo mwembamba, ziko pembenipembeni. Ikiwa na ncha mbili kama almasi mara nyingi hiyo ni aina inayoua viwavi wa mimea, inayoua mbu inakuwa duara lisilo sawasawa. Cereus kristali hana kabisa, kwa hiyo ukikosa kristali unajua uko kwa nani.

Ila kristali kuwepo si kwamba inaua mbu, lazima uwaulize viluwiluwi. Unaweka 25 wa hatua ya tatu ya ukuaji kwenye maji ml 100, kikombe kingine bila bakteria cha kulinganishia, unasoma baada ya saa 24. Kiluwiluwi anakula kristali, inayeyuka tumboni mwake mana mule kuna alikali, vimeng'enya vinaikata ikawa sumu kamili, inatoboa utumbo. Unamgusa na sindano hashtuki. Nilikuwa nachemsha pia sehemu ya kila sampo kwenye presha kuka, mana sumu za kristali moto unaziharibu, sasa ikiwa bado inaua hata baada ya kuchemshwa ujue kuna sumu nyingine isiyoogopa moto, aina ya beta, na hiyo Shirika la Afya Duniani haliitaki kwenye dawa ya mbu, hizo zote nikaziweka pembeni bila huruma.

Mwisho nikapeleka DNA Dar kwa PCR, kipimo cha kutafuta jeni fulani, jeni za cry4 na cry11 zinazotengeneza sumu ya mbu zikaonekana kwenye sampo ya lile dimbwi la bibi, ndo nikathubutu kuandika israelensis kwenye chupa.

Kuna mwingine alikuwa na spora ya duara kabisa mwishoni mwa mwili, kama rungu, huyo ni Bacillus sphaericus, bakteria mwingine anayeua mbu, ambaye tangu 2007 anaitwa Lysinibacillus. Mpe saa 48 mana anachelewa kuua. Kwa aina za mbu, alimaliza kuleksi wote, anofelesi (wa malaria) kiasi, aedesi (wa dengue) wakawa wanaogelea tu. Kwangu huyu ana thamani kubwa sana, kuleksi ndo wanaeneza matende na mabusha huku pwani yetu, na wanazaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo, maji machafu ambayo israelensis nguvu zake zinapungua haraka humo lakini sphaericus anadumu. Sa hivi namjaribu kwenye maji ya karo, kuleksi niliowatoa humohumo.