Siku moja maishani mwangu: dada seifti wa kiwanda cha plastiki

Saa 10 na nusu alfajiri alamu inalia, naizima, inalia tena. Mi nakaa Gongo la Mboto na kiwanda kipo Vingunguti, ukichelewa kidogo tu unasimama kwenye daladala mpaka unafika, na mimi lazima niwe getini saa 12 na nusu kabla shifti ya usiku haijatoka, maana hao wa usiku ndo nawataka kuliko wote, mambo mengi hutokea usiku mabosi wakiwa wamelala.

Kwa wasiojua, kazi yangu ni afisa usalama na afya. Tunatengeneza ndoo, mabeseni na viti vya plastiki, watu kama 140, shifti mbili. Kiwandani wananiita dada seifti, vijana wa ufundi wao wananiita dada kufuli.

Saa 12 na nusu. Getini kuna bango kubwa, SIKU 212 BILA AJALI. Wageni wakija wanapiga nalo picha. Mi silipendi hata kidogo, kwa sababu mwezi ukiisha bila ajali kila mfanyakazi anapata kilo tano za mchele na mche wa sabuni, sasa niambie wewe, kijana kakatwa kidole, akisema tu watu 140 wanakosa mchele, atasema? Anajifunga plasta anavaa glavu juu yake, yameisha.

Na leo ndo hivyohivyo. Anatoka mzee mmoja opereta wa krasha, ile mashine ya kusaga mabaki ya plastiki ili yayeyushwe tena. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Lakini mkono hautoki mfukoni, na huyu mzee kila siku lazima anipe mkono na aniulize habari za nyumbani. Nikamwambia mzee wangu tuonane pembeni kidogo. Kumbe vidole viwili vimefungwa kipande cha kanga na damu imeshakauka.

Saa 1 ilibidi niwe kwenye kikao cha dakika kumi cha kuanza shifti, nikamwachia supavaiza, mi nikampakia mzee kwenye gari la kampuni kwenda hospitali. Njiani ananibembeleza, mwanangu usiandike, ni mkwaruzo tu. Mkwaruzo gani, kashonwa nyuzi nne! Nikamwambia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, sheria yake ya 2008 na mfuko wenyewe umeanza kazi 2015, umewekwa kwa ajili ya mtu kama yeye, sasa kidole kikija kuharibika mwezi ujao na hakuna karatasi inayosema kaumia kazini, atadai kwa lipi? Akanyamaza. Halafu akasema, lakini mchele wa watu.

Saa 4 nimerudi, nikaenda kwenye krasha yenyewe. Hapa ndo kuna kazi. Ilikwama saa 8 usiku, mzee akabonyeza kitufe cha kuzimia, akafungua mfuniko akaingiza mkono kutoa donge. Shida ya krasha ni kwamba ukizima visu havisimami palepale, vinaendelea kuzunguka vyenyewe kwa uzito wake. Ndo maana mfuniko umewekewa boliti ndefu, ukianza kuifungua mpaka uimalize visu vimeshatulia. Boliti haipo! Kuna waya. Kale kaswichi ka usalama ka kuzima mashine mfuniko ukifunguliwa nako kamefungwa waya. Na kufuli, yaani lile jekundu unalofungia swichi kubwa ya umeme na ufunguo unakaa nao mwenyewe, lipo ofisini kwa fundi wa zamu ambaye usiku hakai ofisini.

Nikauliza boliti iko wapi. Imekatika. Lini? Wiki tatu zilizopita. Mkasema? Stoo wamepelekewa karatasi. Stoo wanasema manunuzi. Manunuzi wanasema boliti moja hawawezi kuagiza, wanasubiri zifike nyingi. Haya, na kule kwenye faili langu la ISO 45001, yaani kile kiwango cha kimataifa cha usalama na afya kazini, faili ambalo wakaguzi wanakuja kulikagua wiki ijayo kwa sababu mteja mmoja mkubwa anataka cheti, kila kitu kina tiki ya kijani. Tiki nimeweka mimi mwenyewe. Mwezi uliopita niliikagua hiyo krasha mashine ikiwa inatembea, sikuona boliti, niliona mfuniko umefungwa nikaenda zangu. Iliniuma sana hiyo.

Saa 6 kikao na meneja. Kwanza kasema opereta mzembe, apewe barua. Halafu kasema tununue glavu ngumu. Bosi, kwenye visu vinavyozunguka glavu ndo inavuta mkono mzima, na vifaa vya kuvaa vinakuja mwisho kabisa baada ya kurekebisha mashine na utaratibu. Halafu kasema kwa hiyo bango tuliache mpaka wakaguzi wapite. Hapo nikamwonyesha ile piramidi iliyobandikwa ukutani kwake, ya Heinrich, yule wa kampuni ya bima Marekani aliyesema mwaka 1931 kwamba kwa jeraha kubwa 1 kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyomuumiza mtu. Namba zake watu wamezibishia sana na hata mimi siziapii, ila nikamuuliza, sanduku letu la taarifa za nusura ajali kwa miezi sita lina karatasi tatu, moja ni ya mtu analalamikia chai haina sukari, sisi malaika au watu wanaogopa? Akacheka. Kasema mchele tutauangalia, fomu za WCF na za OSHA, wale wa serikali wanaosimamia usalama na afya kazini, peleka leo.

Saa 8 nakula wali maharage nimesimama. Fundi wa kuchomelea ananisubiri nimsainie kibali, anataka kuchomelea karibu na viroba vya malighafi, nikamwambia hamisha viroba kwanza, kanuna, kahamisha.

Saa 10 boliti imepatikana, karani wa stoo kaenda mwenyewe Kariakoo na bodaboda, shilingi elfu nne. Wiki tatu! Kufuli sasa limefungwa kwa mnyororo palepale kwenye swichi.

Saa 12 jioni nimepanda ngazi mwenyewe kubadilisha bango, 212 nikaitoa nikaweka 0. Shifti ya usiku wanapita chini wananiangalia, hakuna aliyenisalimia.

Saa 2 usiku nipo kwenye daladala, meseji ya mzee inaingia: mwanangu maumivu yamepungua, ila vijana wananipigia, mchele wa mwezi huu vipi?

Sijamjibu bado.